Mbwa Havuki Kizingiti

Asoj 2

Leo, tarehe mbili ya mwezi wa Asoj, naanza zamu. Anayeandika ni mimi, Pahalman Ale, wa nyumba ya kati. Herufi hizi sikupewa na mwalimu wa shule. Nilizichuma mwenyewe kule mji wa Siliguri nilipokuwa mlinzi wa ghala la majani ya chai. Karani alinionyesha chache, zilizobaki nikazinyakua. Kila asubuhi niliandika zamu ilivyokwenda. Walinzi tulikuwa wengi, lakini ghala ambalo halikupungua hata gunia lilikuwa langu. Waulizeni wa Siliguri, kama wapo bado hai.

Sababu ya zamu ni chui. Jana alasiri, jua lingalipo, amemchukua mbwa wa shemeji Nandakali, mjane wa binamu yangu, nyumba ya juu. Mbwa mnene kama ndama. Nandakali alikuwa anatwanga, anasema alisikia kitu kama gunia limedondoka, akageuka, akaona mkia tu unaingia kwenye magugu.

Zamani chui alikaa kwake msituni, na sisi huku. Katikati palikuwa na mashamba ya ngazi yaliyokatwa mteremkoni, kila ngazi na mwenyewe. Sasa wenyewe wamekwenda Uarabuni, wengine bondeni, na ngazi zimeota magugu kupita kichwa cha mtu. Chui anatoka msituni hadi uani kwangu bila kuonwa, kama mtu anayemkwepa mama mkwe. Moshi unaopanda mlima huu ni wa nyumba tatu tu: yangu, ya Nandakali, na ya Aimansing mhunzi kule chini kwenye chemchemi.

Mbwa wangu ni Bhalu, yaani dubu, kwa kuwa ni mweusi na ana manyoya ya shingo kama dubu. Nikisema wangu, mke wangu Aitamaya husema wake. Jioni ameniambia hivi:

"Baba Rupsari, nisikilize. Mimi nakata majani msituni na Bhalu mbele yangu. Yeye ndiye masikio yangu. Siku Bhalu akiliwa, nashuka kwa Rupsari bondeni, na huku sipandi tena."

Rupsari ni binti yetu, ameolewa kule kwenye joto na mbu.

"Mwanamke," nikamwambia, "mimi nililinda ghala zima la tajiri, nishindwe na mbwa mmoja?"

"Ghala lilikuwa la chai. Chui hanywi chai."

Nimeapa kwa sharubu zangu. Bhalu hataliwa mimi nikiwa hai.

Asoj 3

Shwari.

Asoj 6

Nandakali amepata mbwa mwingine kwa kaka yake, kijibwa cha manjano kinachomzidi paka kidogo tu. Jua likiegemea anakibeba, anaingia nacho ndani, anakilaza kando ya meko. Ndani! Kwenye meko! Nikapanda kwenda kumwambia.

"Shemeji, umeingiwa na nini? Mbwa na mizimu ya ukoo chini ya paa moja?"

"Mizimu haijalalamika, shemeji. Unalalamika wewe."

"Marehemu angekuwepo..."

"Marehemu alikoroma kuliko mbwa yeyote, na nilimlaza ndani miaka yote."

Aitamaya alikuwa nyuma yangu. Alicheka hadi akashika ukuta. Nimeshuka zangu. Kwa ulimi ule naelewa kwa nini binamu yangu alikufa mapema.

Asoj 7

Mvua. Shwari.

Asoj 9

Kola imekuja. Nilimpelekea Aimansing ulimi wa jembe la zamani la plau nikamwambia anifulie kola ya miiba, kama wanayovaa mbwa wa wachunga kondoo kule juu kwenye theluji. Mlimani kwetu hakuna aliyewahi kuwaza hivyo. Wazo ni langu.

Leo amepanda kuja kumvisha. Akakaa kwenye ngazi ya mwisho ya baraza, pale ambapo watu wa tabaka la wahunzi huishia, maana nyumba zetu hawaingii, na Aitamaya akampa chai katika kikombe chake kile kinachokaa nje. Bhalu akaenda akalala miguuni pake.

"Umemwona?" akasema Aimansing. "Kanitambua. Sisi wawili, mzee, tunakulindia nyumba, na wote tunaishia hapa hapa."

"Wewe unalinda nini?"

"Chuma kinachomngoja chui ni cha nani? Umekifua wewe?"

Nikamwambia anywe chai isipoe. Watu hawa ukiwachekea watakuja kukaa kwenye mkeka wako. Lakini haki niseme, ile ni kazi. Miiba mirefu kama kidole cha mwisho, imelala kidogo kwa nje. Chui hukamata shingo. Akiikamata hii atatema meno.

Asoj 10

Shwari.

Asoj 11

Mvua. Nyati wetu wa maziwa amekohoa zizini. Shwari.

Asoj 14

Nyayo, kando ya birika la nyati. Nimeweka kiganja juu ya mmoja na haukufunikwa, na kiganja changu si cha mtoto, ndicho kilichopandisha jiwe la kinu kutoka mtoni wakati wanaume wengine wanajadiliana. Aitamaya alichungulia, akabeba tenga lake akaenda kukata majani, Bhalu mbele.

Jioni ndipo akaanza.

"Tumlaze ndani ya mlango tu. Pale penye jiwe la kusagia. Kwenye meko hatafika."

"Mbwa havuki kizingiti."

"Nani kasema?"

"Baba kasema. Babu kasema. Mbwa aliingia nyumba hii mara moja, mimi mtoto, akifuata mfupa. Mama alibomoa meko akayatupa, akakanda mengine, akapaka nyumba nzima samadi na udongo mwekundu. Siku zote hizo tulikula kwa watu kama yatima."

"Na mliugua?"

"Hatukuugua kwa sababu alipaka."

"Basi na mimi nitapaka. Kila asubuhi nitapaka. Mikono ni yangu, samadi ni ya ng'ombe, wewe kinakuuma nini?"

Kuna maneno ukiyajibu yanaota miguu.

Asoj 15

Shwari.

Asoj 19

Leo naandika kwa kirefu, maana mambo kama haya hayaandikwi kila siku.

Jua lilikuwa limegusa mlima. Nilikuwa barazani nasokota kamba. Bhalu alikuwa anabweka ovyo, mara kunguru, mara jani, kisha akanyamaza. Manyoya ya shingo yakasimama. Nikainua macho, na papo hapo kitu cha manjano kikamwagika kutoka shamba la ngazi ya juu kama ukuta umebomoka, kikamfunika. Hata sauti hakikutoa. Wakaviringika hadi kwenye zizi. Mara chui akapiga ukelele, sijapata kusikia chui akilia vile, kama bati linapasuliwa, akaruka nyuma anatikisa kichwa, mdomo damu, damu yake mwenyewe!

Nikatoka na panga. Nikapiga kelele iliyosikika ng'ambo ya mto. Chui aliponiona akaenda zake.

Ndivyo ilivyokuwa. Aitamaya anasema wa kwanza kutoka ni yeye na kijinga cha moto, na mimi nilikuwa bado natafuta kiatu. Kiatu nilivaa, sikatai. Mtu hapigani na chui peku. Lakini panga nililishika mimi.

Bhalu ana mchubuko begani. Aitamaya amempaka manjano na mafuta ya haradali, na ugali wake ameulia nje barazani, ubavu kwa ubavu na mbwa, akimega tonge moja lake, tonge moja la Bhalu.

Asoj 20

Nandakali ameshuka kumpa pole mgonjwa. Akaigusa ile miiba, akasema, "Safari hii kaonja chuma. Safari ijayo atatafuta pasipo na chuma." Mwanamke huyu hawezi kutoa heri asitie na shari. Shwari.

Asoj 26

Sikukuu ya Dashain. Mvua imekatika, milima ya theluji imetoka yote. Tumechinja mbuzi. Watu wachache wamepanda kutoka bondeni kupakwa alama nyekundu na wazee wao, nami nimewapaka, na kila niliyempaka nimemsimulia habari ya chui. Katika kusimulia, kiatu nimekiacha.

Rupsari hakuja, anamuuguza mama mkwe. Tumeonana kwenye simu. Mkwe wangu, mumewe, akadakia pembeni: "Baba, huyo mbwa sikukuu ya Tihar mkimvisha maua mtuonyeshe. Mtaani kwetu hawaamini." Nikasema wataamini.

Kartik 2

Wageni wamerudi kwao. Mlima umekuwa mtupu kuliko kabla hawajaja. Shwari.

Kartik 5

Nimemfunga Bhalu mnyororo. Tangu siku ile amekuwa na majivuno, anashuka kwenye magugu kufuata harufu ya chui, anadhani alimshinda peke yake. Nimemfunga kwenye nguzo ya baraza.

Aitamaya amekwenda kukata majani bila yeye. Amerudi mapema.

"Mbona tenga nusu?"

"Nusu nyingine nilikuwa nageuka nyuma."

Akatua tenga, akamtazama Bhalu, akanitazama mimi.

"Umemfunga kama mbuzi wa chambo."

"Ana kola."

"Wewe una majibu, baba Rupsari. Hujawahi kukosa jibu tangu unioe."

Nimelichukua kama sifa.

Kartik 8

Shwari. Ulezi umeiva, masuke yamekunja ngumi.

Kartik 9

Shwari.

Kartik 11

Mvua gani hii? Kartik haina mvua. Wingu limepanda kutoka mtoni, limejaa mpaka mlangoni. Ulezi umelala chini. Tumekata tulioweza, uliobaki utaota ukiwa shambani.

Kartik 12

Sikukuu ya Tihar, kila mnyama na siku yake. Leo siku ya kunguru, tumewarushia wali. Kesho siku ya mbwa. Mvua. Aitamaya anachuma maua kwenye mvua, nimemwambia atapata homa, anasema mbwa mwenye siku moja kwa mwaka hapewi maua yaliyonyauka.

Kartik 13

Leo siandiki.

Kartik 14

Naandika zamu kama ilivyokuwa, bila kuongeza.

Jana asubuhi Aitamaya alimwogesha kwa maji ya moto, akamkausha kwa shuka lake mwenyewe. Akamshonea taji la maua ya rangi ya chungwa, nene kama mkono. Akampaka alama nyekundu ya mchele kwenye paji, akamwekea sahani ya nyama, wali na mikate ya pete. Bhalu alikaa kimya, macho nusu, kama mzee anayepewa heshima yake iliyochelewa.

Taji halikukaa. Miiba ya kola ililichana, maua yakadondoka. Na Rupsari alikuwa ameshapiga simu, na mumewe yupo, na ndugu wa mumewe, na majirani, mtaa mzima umejazana kwenye kioo kile kidogo kumwona mbwa aliyemtoa chui damu. Mkwe akasema, "Mbona mmemvalisha kama mfungwa?" Wakacheka wote.

Nikamvua kola. Aitamaya alisema kitu, sikumsikiliza. Nikamfunga kamba laini shingoni chini ya taji, mnyororo nikauunga kwenye kamba, asije akakimbia na maua. Nikampandisha miguu ya mbele begani kwangu, tukasimama hivyo, mimi na yeye, mbele ya simu. Wakapiga makofi. Mkwe akasema, "Baba, kumbe simba ni wewe." Nilifurahi. Lazima niandike hivyo. Nilifurahi sana.

Mchana mvua ikarudi, na wingu likapanda likafunika ua, hata zizi sikuliona. Aitamaya akasema, "Mrudishie kola." Nikasema, "Mwache, leo bwana harusi." Tukaingia kula.

Mnyororo unafika mlangoni. Bhalu akaja hadi mwisho wake, akaweka miguu miwili ya mbele juu ya kizingiti. Taji limelowa, alama nyekundu inamchuruzika puani. Akalia kidogo, kile kilio chake cha kuomba msamaha hata kama hajakosa. Aitamaya akaacha kula.

"Baba Rupsari. Leo ni siku yake."

Nikainuka. Nikamsukuma kwa mguu. Si kwa nguvu. Nikasema, "Leo wewe mungu, sawa, lakini mungu wa nje." Niliona ni mzaha mzuri. Nikarudishia mlango kwa ajili ya mvua.

Sahani sikuimaliza. Mnyororo ulilia mara moja, kama ndoo imeangukia kisimani. Basi.

Safari hii hakuna kiatu kilichotafutwa. Nilitoka peku. Lakini uani palikuwa na wingu tu, na mnyororo, na mwisho wa mnyororo kipande cha kamba. Aitamaya alinipita, akaingia kwenye magugu mikono mitupu. Nilimwita. Nilimfuata. Nilikuwa naona maua, moja hapa, mawili kule, ya rangi ya chungwa kwenye majani mabichi, ngazi baada ya ngazi zile zisizo na watu: kwa Jasbir aliyekwenda Malaysia, kwa wajukuu wa Thuli, kwa ndugu yangu mwenyewe. Nilizijua zote kwa kuta zake. Kisha maua yakaisha. Aitamaya akasimama pale yalipoishia, mvua inampiga, akaita jina la mbwa kwa sauti ya kumwita mtu aje ale.

Leo asubuhi Aimansing amepanda na Nandakali ameshuka, tukatafuta. Aimansing ndiye aliyempata, chini ya mwamba. Kilichobaki hakikuhitaji shimo kubwa. Aitamaya alimzika kwa mikono yake, sisi wengine akatukataza kugusa jembe.

Kartik 15

Shwari.

Sijui kwa nini nimeandika hivyo. Mkono umezoea.

Kartik 17

Rupsari amepiga simu. Nilimwambia mama yake yuko shambani. Alikuwa amekaa karibu yangu.

Kartik 20

Tunakata ulezi uliopona. Aitamaya anaanza upande ule, mimi upande huu. Tukikutana katikati anahamia ngazi nyingine.

Kartik 23

Nimefikiri sana. Mwenye kosa ni mkwe. Nani alimwambia aseme neno la mfungwa? Na mvua. Tangu lini Kartik ikanyesha? Na hao walioacha mashamba yakawa pori, wakanunua simu za kutazamia mbwa wa wenzao. Nilimwambia Nandakali haya yote, nimemkuta chemchemini. Alinisikiliza hadi mwisho, kitu ambacho si kawaida yake. Kisha akajitwika mtungi.

"Umemtaja kila mtu, shemeji," akasema. "Hata mawingu umeyataja."

Akaondoka. Siku nzima nimetafuta la kumjibu.

Kartik 28

Tunapura. Shwari.

Mangsir 1

Aimansing amepita, ana mzigo wa makaa. Akakaa pale pale kwenye ngazi ya mwisho. Aitamaya alikuwa zizini, nikamimina chai mimi mwenyewe, na kile kikombe cha nje sikukiona, au niseme sikukitafuta. Upepo ulikuwa unakata.

"Ingia ndani," nikamwambia. "Baridi hii."

Alinitazama kwa muda kama anayekadiria chuma, kama kimeiva au bado.

"Leo?" akasema.

"Leo. Ingia."

"Mzee, baba yangu alikaa hapa. Na mimi nimekaa hapa nikiwa na homa, nikiwa na mvua mgongoni, nikisubiri mwenye nyumba amalize kula. Baridi ya ngazi hii naijua kama mke wangu. Sasa mbwa amekufa ndiyo niingie nikae mahali pake?"

"Sikusema hivyo."

"Hukusema. Nipe chai."

Nikampa. Alikunywa, akaosha kikombe, kikombe changu, akakigeuza juu ya jiwe kama kawaida. Zamani ningesema mtu huyu ana kiburi. Leo nilimtazama akishuka na makaa yake na nikaona mgongo wake umeinama kuliko wangu, na mimi ndiye mkubwa.

Mangsir 4

Nimemwambia Aitamaya, tukitaka mbwa mwingine, kaka yake Nandakali ana watoto wa mbwa. Akaniuliza, "Atalala wapi?" Nikafikiri kidogo. Kufikiri kule ndiko kulikoniponza. Alikwisha inuka.

Mangsir 6

Rupsari amekuja kumchukua mama yake. Nyati amenunuliwa na watu wa kijiji cha daraja, mbuzi anakwenda nao. Aitamaya amefunga nguo zake kwenye shuka, lile la kumkaushia Bhalu. Hajalia. Ningependa alie, kilio nakijua dawa yake, unanyamaza mpaka kiishe.

"Baba, twende wote," Rupsari akasema. "Chumba kipo."

"Nyumba ataiangalia nani?"

"Iangaliwe inakwenda wapi?"

"Mtoto wewe. Nyumba isiyo na mtu hufa kwa mvua mbili."

Aitamaya alikuwa anajitwika mzigo, kamba ya tenga tayari kwenye paji. Ndipo akazungumza nami, mara ya kwanza kwa urefu tangu siku ile.

"Mwache, Rupsari. Baba yako ni mlinzi. Roho iliyokuwa mlangoni hakuilinda, sasa analinda mlango."

"Mama Rupsari..."

"Ulezi uko kwenye pipa. Chumvi usiiache wazi. Kuni za juu zimekauka, za chini bado mbichi."

"Utarudi lini?"

"Nilikwambia Asoj. Ulidhani naongea na nani?"

Wakashuka. Nilisimama barazani mpaka shuka jekundu likapotea kwenye kona ya mwamba. Nilijua kwamba nikiita atasimama. Hajawahi kuitwa nami akaacha kusimama. Sikuita. Nilikuwa natafuta neno la kuita lisilokuwa ombi, na nilipokuwa bado nalitafuta, njia ikawa nyeupe.

Mangsir 7

Ugali umeungua.

Mangsir 8

Ugali mbichi.

Mangsir 10

Zamu gani sasa? Hakuna kinachoibwa. Lakini kalamu ipo.

Mangsir 13

Leo nimemwona.

Ilikuwa asubuhi, jua kali, umande unapanda kwenye mawe kama mvuke wa chai. Nilikuwa barazani napepeta ulezi. Akatoka kwenye magugu ya chini, akavuka ua wangu katikati, taratibu, bila kujificha. Ni mzee. Sikulijua hilo. Nyonga zimetokeza, mguu wa nyuma anauburuta kidogo. Nilikuwa nimemfikiria mnyama kijana, mwenye haki ya kunishinda.

Panga lilikuwa mkononi kwangu kabla sijajua. Nikasimama. Mimi, Pahalman Ale. Chui akageuza kichwa akanitazama kama mpita njia anavyotazama kisiki, kisha akageuka na kuendelea na safari yake. Akapanda ukuta wa ngazi kuelekea juu, kwa Nandakali. Saa kama hizi kile kijibwa cha manjano huota jua uani.

Nikafungua kinywa nimwite shemeji. Ikatoka hewa. Tangu juzi sijasema na mtu, koo limeota kutu. Nikajaribu tena, kilichotoka hakikuwa neno. Nilibweka. Naandika kama ilivyokuwa. Nilibweka, nikabweka tena, nikapiga panga kwenye pipa la ulezi huku nabweka, hadi sharubu zikalowa mate.

Juu, mlango ukabamizwa kwa nguvu. Kisha sauti ya Nandakali.

"We! Nani anabweka huko chini?"

"Mimi! Mfungie mbwa, shemeji! Anakuja huko!"

"Nimeshamfungia! Nilidhani mmepata mbwa mwingine, nikajiuliza, mbona kazeeka hivi?"

Nikaona magugu yakitikisika chini ya ua wake, yakasita, yakageukia kushoto, yakashuka upande wa msitu. Nilikaa chini. Pumzi zilikuwa haziji.

"Shemeji!" akaita tena. Safari hii hakuwa na utani. "Uko mzima?"

"Mzima!"

"Anakoelekea unamwona?"

"Msituni!"

"Atageuka huyo. Ana njaa. Na wewe je, umejifungia?"

Nikasimama nimjibu vizuri, kwa sauti, ili na chui asikie. Nikamwambia mimi nimelinda Siliguri, na mtu aliyelinda Siliguri hajifungii ndani mchana kweupe kwa kuogopa paka.

Kisha nikaingia, nikatia komeo.